Mafuta Huingia Shambani kwa Mlango Gani? Hesabu ya Chanzuru

Ukimwuliza mtu kilimo kinakula mafuta wapi, atakuonyesha trekta. Trekta lina moshi, lina tangi, na dereva wake hudai pesa ya dizeli kabla hajashusha jembe. Kwa kata kama Chanzuru, kaskazini kidogo mwa mji wa Kilosa, jibu hilo ni la kweli nusu tu. Tupige hesabu ya ekari moja ya mahindi. Kulima kwa jembe la sahani hunywa dizeli lita 8 hadi 10, kutegemea ugumu wa udongo na uchovu wa trekta lenyewe. Mfuko wa kilo 50 wa urea haunuki petroli, lakini nishati iliyotumika kuutengeneza kiwandani inakaribia ile ya lita 30 za dizeli. Mkulima aliyekodi trekta na kisha akaweka mfuko mmoja wa kukuzia ametumia mafuta kwenye mbolea mara tatu ya aliyotumia kwenye kulima. Na yule aliyelima kwa jembe la mkono, akaamini kwamba visima vya Ghuba na Urusi havimhusu, vimemfikia kwa mfuko huohuo, umefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda.

Siri iko kwenye naitrojeni. Hewa tunayovuta imejaa naitrojeni, ila mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Mwaka 1909 mkemia Mjerumani Fritz Haber alionyesha namna ya kuilazimisha iungane na hidrojeni ili ipatikane amonia; Carl Bosch akaifanya kazi hiyo iwezekane kiwandani, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kuzalisha. Inahitaji joto kali, shinikizo kubwa na hidrojeni nyingi, na hidrojeni hiyo leo hutolewa zaidi kwenye gesi asilia, na kwa China kwenye makaa ya mawe. Kwa hiyo bei ya gesi ikipanda Ulaya, mbolea hupanda Kilosa, hata kama hakuna gari lolote lililoongezewa nauli.

Nasema haya kwa sababu mjadala wa kuondoa mafuta kwenye kilimo umeandikwa zaidi na watu wa nchi ambazo shamba lao limezama kwenye mafuta tangu mbegu hadi jokofu. Chanzuru haiko huko. Hapa ni tambarare iliyo chini ya milima, yenye mahindi, mpunga, alizeti, mbaazi na ufuta, na mashamba ya mkonge ya enzi za ukoloni hayako mbali, kuelekea Rudewa na Kimamba. Wengi hulima ekari chache. Jembe la mkono bado lina kazi, na wapo wanaovuna bila kuweka hata kisoda kimoja cha mbolea ya dukani. Mkulima wa hivi huwezi kumwambia aache mafuta, hajayaanza. Swali linalomhusu ni kwamba, akitaka kuvuna zaidi ya magunia matano au sita kwa ekari, aingie kwa mlango gani, na mlango upi asiufungue kabisa kwa sababu funguo zake ziko mikononi mwa watu wasiomjua.

Kwa maoni yangu mlango wa kuogopa zaidi ni wa naitrojeni, na wa kuogopa kidogo kuliko yote ni wa dizeli ya trekta. Mpangilio huu ni kinyume cha ule unaosikika kwenye semina nyingi, ambako trekta huchorwa kama adui na ruzuku ya mbolea ikapigiwa makofi.

Tanzania imeshajaribu kuushika mlango wa naitrojeni yenyewe, ila haikubahatika. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi miaka ya mwanzo ya 1970 kikiwa kimejengwa na kampuni ya Kijerumani ya Klöckner. Kiliwekwa pwani kwa sababu karibu kila kilichoingia ndani yake kilitoka melini: tulikuwa tunaagiza malighafi ya mbolea badala ya kuagiza mbolea. Mshtuko wa bei ya mafuta wa mwaka 1973 ulikikuta kingali kichanga, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa kimefungwa. Ndoto ya pili ilikuwa KILAMCO, mradi wa kutengeneza amonia na urea huko Kilwa kwa gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974. Haukujengwa. Gesi hiyo ilipoanza kutumika mwaka 2004 ilikwenda kwenye umeme na viwanda vya Dar es Salaam. Wapo wanaodai hadi leo kwamba kiwanda cha urea cha kwetu kingemaliza tatizo. Kingepunguza safari ya meli, sawa. Lakini gesi ni gesi, na mwenye gesi huiuza kwa bei ya soko la dunia au huomba serikali ifidie tofauti.

Mwaka 2022 ulionyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Bei ilikuwa imeshaanza kupaa mwaka 2021, vita vya Urusi na Ukraine vikaisukuma zaidi, na mfuko wa urea au wa mbolea ya kupandia ya DAP ukavuka shilingi 100,000. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Mbeya ruzuku iliyoshusha bei hadi takriban shilingi 70,000 kwa mfuko wa DAP au urea, na shilingi bilioni 150 zikatengwa. Sina ugomvi na ruzuku ile. Bila hiyo watu wangepanda bila mbolea na kuvuna mabua. Ila tuitaje kwa jina lake: ilikuwa ni hazina ya nchi ikilipa sehemu ya bili ya gesi ya wengine, na bili hiyo itarudi kila soko litakapotikisika.

Mbadala upo, na kwa Chanzuru uko jirani kabisa. Kituo cha utafiti cha Ilonga, kilichoanza miaka ya 1940 kikishughulika na pamba na sasa kikiwa chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kimefanya kazi kwa miongo mingi kwenye mahindi, mtama, alizeti na mazao jamii ya mikunde. Mbaazi ni miongoni mwa mazao yake, na baadhi ya aina zilizotolewa hapo zimebeba jina la Ilonga. Mbaazi hufanya kwa bure kile ambacho Haber alikifanya kwa moto. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake hukamata naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, na majani yanapopukutika sehemu yake hubaki ardhini kwa ajili ya mahindi ya msimu ujao. Mizizi yake huenda chini sana, ikarudisha juu virutubisho ambavyo mahindi yalishindwa kuvifikia. Mahindi na mbaazi hupandwa pamoja bila kugombana, kwa kuwa mbaazi hukua polepole mwanzoni na kupata nguvu mahindi yakishakauka.

Mbaazi ina mahitaji yake pia. Bakteria hao hawafanyi kazi vizuri penye upungufu wa fosforasi, na fosforasi haipatikani hewani. Bahati nzuri ni kwamba jiwe la fosfeti linachimbwa Minjingu, mkoani Manyara, na kusagwa hukohuko. Kuchimba, kusaga na kusafirisha kunahitaji dizeli na umeme, ila si gesi ya kuunda amonia. Kwa mtazamo wa nishati, Minjingu pamoja na mbaazi ni ndoa nzuri kuliko DAP pamoja na urea, ingawa dukani utaambiwa jiwe hilo ni la polepole, na ni kweli.

Sasa kwa nini kila shamba la Chanzuru halijajaa mbaazi? Jibu halipo kwenye udongo, lipo kwenye soko. Mbaazi yetu nyingi hununuliwa na India. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha uagizaji, na bei nchini Tanzania ikaporomoka ndani ya miezi michache. Kilo iliyouzwa kwa zaidi ya shilingi elfu moja ikafika mia mbili na chini ya hapo, watu wakaacha mbaazi zikauke shambani kwa kuwa vibarua wa kuvuna walikuwa ghali kuliko zao lenyewe. Mkulima aliyekimbia gesi ya Urusi akaangukia kwenye wizara ya Delhi. Bei imepanda tangu hapo, lakini waliolia mwaka ule hawajasahau. Ndiyo maana naona kosa kubwa la wahamasishaji ni kuiuza mbaazi kama zao la biashara. Ingehesabiwa kwanza kama mbolea inayolika. Familia ikila mbaazi zake na kupata mahindi zaidi mwaka unaofuata, Delhi itabaki kuwa faida ya juu, haitakuwa nguzo.

Mlango mwingine ni samadi, na hapa Kilosa ina utajiri na msiba kwa pamoja. Wilaya ina wakulima wenye ardhi iliyochoka na wafugaji wenye mazizi yaliyojaa samadi ya miaka. Vijiji vya Kimasai vya Parakuyo na Twatwatwa viko kwenye tambarare hiyohiyo. Kwenye karatasi, kubadilishana ni rahisi: mabua baada ya mavuno, samadi kabla ya masika. Kwenye ardhi, Kilosa inakumbuka Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 walipouawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mtu anapotoa ushauri wa kuunganisha kilimo na mifugo akiwa ofisini Dodoma bila kutaja tukio hilo, anazungumzia wilaya nyingine.

Hata pale amani ilipo, kuna tatizo la uzito ambalo vitabu vya kilimo hai hulipita haraka. Mfuko wa urea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Samadi ya ng'ombe iliyokauka zizini, kwa hali ya malisho yetu, huwa na asilimia moja hivi, mara nyingi pungufu. Ili upate kilo zilezile 23 unahitaji zaidi ya tani mbili za samadi. Urea inapanda bodaboda. Samadi inataka lori, au punda wengi, au trekta lenye tela. Kwa hiyo atakayetaka kuitoa gesi shambani atahitaji dizeli ya kuhamisha samadi, na hapo ndipo ninapomtetea dereva wa trekta. Lita chache za kubeba tani mbili kwa kilomita kumi ni biashara njema ukilinganisha na lita 30 zilizofichwa mfukoni. Tena samadi huleta mboji inayoshika maji, jambo ambalo urea haijui kulifanya.

Mfano wa kuigwa hauko mbali. Sustainable Agriculture Tanzania, shirika linalojulikana zaidi kwa kifupi cha SAT, lililoanzishwa mwaka 2011 na lenye kituo cha mafunzo Vianzi nje ya mji wa Morogoro, limeendesha mradi wa ushirikiano wa wakulima na wafugaji mkoani, ambamo masalia ya mazao huenda kwa mifugo na samadi hurudi mashambani. Ninachokipenda katika kazi hiyo ni kwamba wahusika hukaa pamoja kwanza, wakajadili njia za mifugo na tarehe za kuingia shambani, ndipo hesabu za mbolea zinafuata. Kazi ya namna hiyo haiendi haraka, na ripoti ya miezi mitatu haiwezi kuipamba.

Nirudi kwenye trekta, kwa kuwa kuna kundi linalotaka tuliache kabisa kwa jina la kilimo hifadhi: usilime, funika udongo kwa masalia, panda kwenye mashimo. Faida zake kwa udongo na maji ni za kweli, na kwenye miteremko ya Ukaguru na Rubeho, ambako mvua hushusha udongo hadi Mto Mkondoa na mafuriko ya Kilosa yakaanzia huko, ningeisisitiza bila kusita. Tambarare ya Chanzuru ni hadithi nyingine. Kwanza masalia unayoyaacha juu ya udongo huliwa na ng'ombe wanaopita. Pili kuna panya. Morogoro ni nchi ya panya mashamba, na Chuo Kikuu cha Sokoine kina kituo kizima cha kuwachunguza. Utafiti uliofanywa mkoani humo ulikuta mashamba yaliyofyekwa na kuchomwa moto yana panya wengi kuliko yaliyolimwa kwa trekta. Mtu aliyepanda mahindi mara tatu kwa msimu mmoja kwa kuwa mbegu zilifukuliwa usiku hatakuelewa ukimwambia jembe la sahani ni dhambi. Tatu, mahali pengi kutolima huishia kwenye kupulizia dawa ya magugu, na dawa hiyo nayo ni zao la viwanda vya kemikali vinavyoishi kwa mafuta. Tumelifukuza pipa mbele, limeingia kwa nyuma.

Kuna jambo lingine ambalo wanaume wanaoandika juu ya kilimo huwa hawaligusi sana. Kulima bila mafuta, hapa kwetu, maana yake ni kulima kwa mgongo wa mwanamke. Ekari moja kwa jembe la mkono ni wiki za kuinama, na palizi ikifuata ni wiki nyingine. Maksai na plau wangekuwa jibu la kati, kama wafanyavyo Wasukuma waliohamia wilayani na ng'ombe wao. Wenyeji wengi wa Kilosa hawana desturi hiyo, na kuijenga kunataka miaka. Kwa sasa lita 10 za dizeli kwa ekari ndizo lita zenye tija kuliko zote zinazoingia Chanzuru. Ningezitoa za mwisho.

Wanaotaka kuondoa kila kitu kwa mkupuo wana somo la Sri Lanka. Aprili 2021 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku uagizaji wa mbolea za viwandani, nchi nzima igeuke ya kilimo hai kwa msimu mmoja. Mavuno ya mpunga yakaanguka, chai ikayumba, na kufikia Novemba marufuku ilikuwa imelegezwa. Cuba nayo, ilipopoteza mafuta ya Kisovieti mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilirudi kwa maksai na bustani za mijini kwa ubunifu mkubwa, lakini bado huagiza sehemu kubwa ya chakula chake. Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa Tanzania, uliozinduliwa mwaka 2023, haukufuata njia ya marufuku, na hilo ni jambo la busara. Udhaifu wake ni fedha: ukiupima kwa bilioni zinazokwenda kwenye ruzuku ya mbolea za viwandani utajua moyo wa serikali uko wapi.

Maji nisiyakalie sana. Pale mteremko unaporuhusu, kama kwenye mifereji ya Malolo na Lumuma, maji hujiendesha yenyewe na hakuna cha kuboresha zaidi ya kuzibua na kugawana kwa haki. Palipo na pampu ndogo za petroli kwenye bustani za kando ya mito, sola imeshaanza kushinda kwa hesabu ya shilingi, kikwazo kikiwa ni pesa ya kuanzia. Kwa mpunga, kilimo shadidi kilichojaribiwa na watafiti wa Sokoine huko Mkindo, wilayani Mvomero, hupunguza maji na mbegu; palizi yake ndiyo inayowakatisha tamaa watu.

Hesabu ya mafuta haikamiliki bila msitu. Ukivuna magunia machache kwa ekari kwa sababu umekataa mbolea, kisha ukafyeka ekari nyingine ya miombo ili kufidia, kaboni uliyoiachia kwa moto mmoja ni kubwa kuliko moshi wa kuilima ekari hiyo kwa trekta kila mwaka kwa mamia ya miaka. Kilosa inalijua hili kwa vitendo. Shirika la uhifadhi wa misitu la TFCG na mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, MJUMITA, walifanya hapa majaribio ya malipo ya hewa ukaa kuanzia mwaka 2009, kisha mradi wa mkaa endelevu ambao msitu wa kijiji hugawanywa viwanja vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa zamu ya miaka 24 ili visiki vichipue. Watu waliohusika na kazi hiyo walichapisha mwaka 2020 utafiti ulioonyesha kuwa kilimo, kuliko mkaa, ndicho kisababishi kikuu cha kupotea kwa misitu Tanzania. Kwa hiyo kilimo kisicho na mafuta lakini chenye mavuno haba kinaweza kuwa kibaya kwa hali ya hewa kuliko chenye mfuko mmoja wa urea. Naliandika hili nikijua litawakera rafiki zangu wa kilimo hai.

Baada ya mavuno mambo yanaenda yenyewe upande mzuri. Mashine za kukoboa na kusaga vijijini zinahama kutoka injini za dizeli kwenda umeme wa gridi kila nguzo zinapofika, na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limefanya umeme huo uwe wa maji zaidi kuliko wa gesi. Viwanda vya sukari vya Kilombero huchoma mabaki ya miwa kupata mvuke na umeme wao. Reli ya SGR inapita Kilosa kwa umeme tangu mwaka 2024, ingawa gunia la Chanzuru bado linaondoka na fuso kuelekea Dumila.

Kinachobaki ni nani analipiwa nini. Ruzuku ya leo inamfuata mkulima kwa namba yake ya usajili hadi duka la pembejeo, na inafanya kazi kwa sababu mfuko una uzito unaojulikana na lebo. Samadi haina lebo, na mbegu bora ya mbaazi haina msukumo wa Nane Nane. Ningependa sehemu ya mabilioni yale, hata moja ya kumi, ilipie usafiri wa samadi kutoka Parakuyo na Twatwatwa kwenda mashamba ya Chanzuru na Rudewa, kwa tani iliyofika, mfugaji akipata chake zizini na mwenye tela akipata chake njiani. Nimeshaelezwa kwamba haiwezekani kwa kuwa hakuna namna ya kuhakiki mzigo usiofungashwa. Lakini miwa ya wakulima wadogo wa Ruhembe na Kidodi haifungashwi, na kila tela linaloingia kiwandani hupita kwenye mizani, likapewa karatasi, na mkulima akalipwa kwa tani.